Siyo Ile ya Odessa

Zilikuja na boti ya Jumanne, ndani ya chupa ya jemu,
chupa imeviringwa kitambaa, kitambaa kimo mfukoni,
na mfuko umeandikwa kwa kalamu nzito:
MZEE SHAAME, WETE. USIPINDUE.
Baba akaipokea kwa mikono miwili.
"Kefiri," akasema, akaikaza ile r nyuma ya meno.
Miaka arubaini hajalitamka neno hilo mbele yetu.

Nikachungulia. Vitu vyeupe, vimevimba, vimeshikana,
kama wali uliotota, kama nyama ya dafu
iliyokwanguliwa na mwenye haraka.
"Hivi ndivyo vya kuliwa?"
"Haviliwi. Vinalishwa."

Basi nikalisha.
Maziwa ya Hamad Faki wa Limbani, nimeyachemsha,
nimeyaacha yapoe mpaka kidole kisilalamike.
Chembe ndani, kitambaa juu, mpira wa nywele kukaza.
Kijiko cha mti, chujio la plastiki;
chuma baba amekikataza, hasemi kwa nini.
Kule, anasema, unangoja mchana mzima na usiku wake.
Huku Wete, mwezi wa pili, joto la kaskazi,
unaweka asubuhi, alasiri yameshaganda,
ukichelewa swala moja yanakatika:
donge juu, maji ya kijani chini,
na ukiifungua chupa inasonya.

Kunywa nilishindwa. Nikapika.
Unga wa vitumbua nikaukoroga nayo, hamira nikaiacha dukani;
usiku ukaumuka ukasukuma kifuniko wenyewe.
Kuku wa Ijumaa akalala humo na tangawizi na thomu,
akatoka laini, nyama ikauaga mfupa bila kuvutwa.
Mseto wa chooko, juu yake upawa mmoja,
chumvi, pilipili mbuzi, basi.
Yale maji nikakandia chapati.
Wanangu wanaita mtindi wa babu,
wanauramba na sukari wakidhani sioni.

Na chembe zinazaa. Wiki hii kijiko, wiki ijayo kikombe.
"Huuzi," kasema baba. "Unagawa."
Nikampa jirani, nikampa mwalimu wa chuoni,
nikampa hata wifi yangu Mafunda, ambaye hatusemezani
tangu mambo ya ule mpaka wa mikarafuu.
Nilimpelekea kwa mkono wa mtoto. Salamu sikutia.

Kisha ikaja sikukuu, tukenda Kiuyu siku tano
na mie nikasahau.
Harufu ilitupokea mlangoni.
Chembe zimegeuka manjano, zinateleza,
zimeota ukungu wa rangi ya waridi.
Baba hakusema neno. Aliiosha chupa mwenyewe,
akaisuuza mara tatu kama anayetawadha,
akaianika kichwa chini juu ya ua.

Siku tatu nikapita mbele ya nyumba ya Mafunda
nikijifanya naenda dukani.
Chumvi tulikuwa nayo ya mwaka mzima.
Siku ya nne nikapiga hodi.
Hakuniuliza. Alitazama mkono wangu, akaiona chupa tupu,
akaingia ndani nikasikia masufuria,
akatoka na bakuli limefunikwa kawa.
"Zangu nazilisha ya mbuzi," kasema. "Usije ukalalamika."
Ndiyo maneno ya kwanza tangu vuli ya mwaka juzi.
Nikasema, "Silalamiki."
Mpaka wa mikarafuu hatukuutaja. Upo palepale.

Leo baba ameletewa gilasi ya mwanzo.
Ameinusa. Ameonja. Amefumba macho,
na mie nimesimama na kitambaa changu cha vyombo
nikidhani ameshafika: bweni, theluji dirishani,
yule rafiki aliyemwazima koti akalirudisha halina vifungo.

"Siyo," akasema.
"Siyo ile ya Odessa. Hii ina mbuzi. Ina moshi.
Ina kitu tena, sijui nini, kama karafuu inayoanikwa."

Akapangusa masharubu kwa kiganja.
Akanyoosha gilasi.
"Tia."